Kigari Kilichozimwa Mlimani

Ukungu wa kwetu huondoka unapotaka wenyewe. Asubuhi unalala juu ya migomba, unaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na ukitoka nje na mtoto mgongoni unakiona kigari chetu nusu tu, taa mbili na pua, kama mnyama anayetoa kichwa majini. Saa hizo ndipo ninapokipenda. Naingia, nafunga mlango, nageuza ufunguo, na mwanamke anaongea Kijapani.

Sijui anasema nini. Kuna kidude kimebandikwa chini ya usukani tangu gari lilipotoka huko kwao, na kila ukiwasha yule mama anasema maneno yake mafupi, kwa upole, kisha ananyamaza. Fundi mmoja alitaka kumkatia waya. Nikamwambia akakate waya za kwake. Mwanangu alikuwa anamjibu. Yule akiongea, huyu naye anatoa mlio, halafu wote wawili wanatulia na tunaondoka ndani ya weupe ule, barabara ikijitokeza kipande kwa kipande mbele yetu.

Gari letu ni dogo, la mitumba, otomatiki. Njiani nimeulizwa mara nyingi, "Mama, hako kabeseni katafika?" Kanafika. Sijawahi kulala njiani kwa sababu yake. Ninayoandika hapa ni kuhusu watu waliotaka kuliua, halafu wakasema ni bovu.

Mwanangu alizaliwa na mguu mmoja umepinda kwa ndani, wayo ukitazama mwenzake. Hospitalini Lushoto wakasema unanyooka bila kisu, ila kwa subira. Kila wiki wanaufunga hogo, ile plasta ngumu ya chokaa, wanaufungua, wanausogeza kidogo, wanaufunga tena. Sharti ni moja tu, hogo lisilowe. Sisi tunakaa upande wa Mlola. Nilipanda bodaboda, nikamfunika mtoto kwa kanga, juu yake nailoni, juu yake koti langu. Mvua ikatukuta katikati ya miti. Tulipofika nyumbani hogo lilikuwa uji. Wiki iliyofuata muuguzi alilishika, hakunigombeza, akasema tu, "Mguu umerudi ulipokuwa." Nililia nikiwa nimesimama, kwa hasira, siyo kwa huzuni.

Ndipo mume wangu na baba yake wakauza viazi vya msimu, wakaenda Tanga, wakarudi na kigari. Kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Lakini kushukuru hakumfungi mtu mdomo.

Baba mkwe aliendesha pikapu za kabichi maisha yake yote, kutoka milimani kushuka Mombo. Madereva wa zamani wa huku wana mtindo wao. Mlima ukianza kuteremka, wanatoa gia, wanazima moto, wanarudisha ufunguo nusu ili usukani usijifunge, na gari linashuka lenyewe. Wanaita kuachia fri. Mafuta hayaungui, injini inapumzika, na dereva anaonekana dereva. Mume wangu alifundishwa hivyo tangu miguu yake haijafika pedeli.

Mara ya kwanza nilipoteremka hivyo tulikuwa tunakwenda arusini Mombo. Baba mkwe ndiye aliyeshika usukani, mume wangu kando yake, mimi nyuma na mtoto. Tulipoipita Soni alizima. Nasema kweli, sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Mlio wa injini ulitoka, na mahali pake pakaingia mlima wenyewe. Maji yakianguka kwenye miamba, majani ya migomba yakisuguana, mtu ng'ambo ya bonde akimwita mwenzake kwa Kishambaa na mwenzake akiitikia bila haraka. Tulikuwa tunaelea. Kila kona ilitugeuza taratibu, bonde likahama kushoto likaja kulia, na hewa ikaanza kuwa ya uvuguvugu, kama mtu anayeingizwa kwenye maji ya kuoga. Mtoto alilala. Nami nilisinzia, nikaota nimelibeba gari mgongoni.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Tulikuwa tumefika Mombo, na baba mkwe ameshashuka, anaomba dumu la maji dukani. Akamwagia rimu za mbele. Zikalia *shiii*, mvuke ukapanda hadi kwenye kioo.

"Kumbe zinaungua," nikasema.

"Breki zinachoka, mkwe wangu. Unazipa maji, zinasahau."

Nikageuza uso barabarani. Ni mkwe wangu, namwamkia kwa kupiga goti. Wote pale mtaani walikuwa wanamwagia rimu zao maji, wakicheka, kama watu wanaonawa kabla ya kula.

Baada ya hapo mume wangu alifanya hivyo kila alipopeleka karoti. Na kigari kikaanza kubadilika. Ukiweka gia, kinafikiri kwanza. Injini inapiga kelele, gari limesimama, halafu ghafla kinashtuka na kwenda. Nyumbani wakaanza kusema haya magari madogo ni ya watu wa tambarare. Wakasema ni bati tu hilo. Nilikuwa nimekaa palepale nanyonyesha.

Siku moja pale Soni nikaona gari kama letu limepakiwa juu ya lori, linapandishwa Lushoto. Nikamuuliza dereva kwa nini asilivute kwa kamba tu.

"Otomatiki haivutwi imezimwa, dada. Injini ndiyo inayosukuma oili kwenye gia boksi. Ukiizima na tairi zinazunguka, humo ndani pakavu. Unasaga vyuma. Mteremkoni weka gia nzito, injini ikushike, breki zipumzike."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Ule ukimya wote, ule mtelezo kama ndoto, ndani yake chuma kilikuwa kinakula chuma chini ya miguu ya mwanangu.

Nilimwambia mume wangu jioni ileile. Alisikiliza akimenya muwa.

"Baba ameendesha tangu sijazaliwa," akasema.

"Aliendesha pikapu ya kukanyaga klachi. Hii siyo."

"Sasa mimi nikamwambie nini? Kwamba mke wangu amefundishwa udereva na mtu wa lori?"

"Mwambie hivyohivyo. Ukishindwa nitamwambia mimi."

"Utamwambia wewe?"

"Mdomo ninao."

Tulikuwa tumechelewa. Baba mkwe alikuwa ameshaamua kuliuza, mnunuzi wa Mombo ameshapatikana, na gari lipelekwe kabla ya siku ya hospitali. Wangeongezea pesa juu, wapate pikapu ya kabichi. Na mguu, nikauliza. Nikawakumbusha umebakiza hogo la mwisho, halafu viatu vya kuushikilia. Msimu ni wa mvua. Baba mkwe akasema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko makofi, "Tutakukodia gari siku hiyo, mkwe wangu. Hili litakuangusha."

Nikapiga goti, nikamwamkia upya ingawa nilikuwa nimeshamwamkia. Nikamwambia, "Baba, nitalipeleka mimi. Wewe kaa pembeni yangu. Tukifika Mombo ukimwagia rimu maji zikalia, liuze, sitafungua mdomo. Zisipolia, tunarudi nalo."

Mume wangu alitazama dari. Baba mkwe akacheka kidogo.

"Rimu za kushuka kutoka huku zisilie? Mkwe, hata za baiskeli zinalia."

"Basi huna cha kuogopa, baba."

Kabla ya safari nilimlazimisha mume wangu amwage oili ya gia boksi. Ilitoka nyeusi, inanuka kama sufuria iliyoungua. Aliiangalia kwenye beseni, akaniangalia, akaenda kununua nyingine. Hakusema samahani, nami sikuingoja.

Tukashuka asubuhi ya ukungu. Nyuma alikaa mume wangu na mtoto. Yule mama wa Kijapani akasema yake, mtoto akamjibu. Tulipoipita Soni nikaivuta gia hadi ile nzito, na gari likajishika lenyewe. Injini ikalia kwa sauti nene, kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

"Unaichosha," akasema baba mkwe.

"Ndiyo inayotushika, baba. Mguu wangu haupo kwenye breki. Tazama."

Akatazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika paja, kiganja kikijikunja na kujikunjua kila kona, pale ambapo yeye angezima. Malori yalitupita. Pikapu iliyojaa kabichi ilitupita imezimwa, kimya kabisa kama samaki, na dereva akampungia mkono. Baba mkwe akarudisha mkono nusu, akauficha. Ukungu ulikatika chini yetu, na tambarare ikaonekana, ya rangi ya mkate, mbali sana, kama nchi ya mtu mwingine. Nilitamani kuzima. Nakiri, mwili wangu wote ulikitamani kile kimya. Nikazidi kuushika usukani.

Mombo, mnunuzi alikuwa anasubiri chini ya bati la duka, mikono mfukoni. Baba mkwe hakumsalimia kwanza. Aliomba dumu lake, kama kawaida, akainama kwenye tairi la mbele, akamwaga.

Maji yalitiririka tu. Yakachora mstari kwenye vumbi, yakaingia ardhini.

Akaenda upande wa pili, akamwaga tena. Kisha akaweka kiganja kwenye rimu, akakiacha hapo kwa muda mrefu, kama anavyopima homa ya mtoto. Mtoto alikuwa anatafuna pindo la kanga.

"Mzee, funguo," akasema mnunuzi. "Niliwashe nilisikie."

"Si la kuuza," akasema baba mkwe. "Lina kazi hospitali."

"Umeniita mwenyewe, mzee."

"Nimekuita. Sasa nakuaga."

Kurudi, pale mlima unapoanza, gari lilifikiri kidogo kabla ya kushika. Halijapona lote, na sijui litadumu miaka mingapi. Chuma kilichosagika hakirudi. Lakini lilishika, likapanda, kona kwa kona, hadi tukaingia tena ndani ya weupe.

Siku ya hospitali mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilipotoka na mtoto nilimkuta baba mkwe ameshakaa kiti cha pembeni, koti limefungwa hadi shingoni. Hakuna aliyemwalika. Nikageuza ufunguo. Yule mama akaongea.

"Anasema nini kila siku huyu?" akauliza.

"Anasema asizimwe njiani, baba."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni. Tukaenda. Mvua ilipiga bati juu yetu, vioo vikaingia ukungu, akawa anavipangusa kwa leso yake, upande wake na upande wangu. Nyuma mtoto alilala na hogo lake jeupe, kavu.

Kwenye mteremko wa kuingia mjini alinyoosha mkono kuelekea kwenye ufunguo. Nilimwona. Alijiona na yeye. Mkono ukageuka, ukaenda kufungua dirisha kidogo, na sauti ya maji ya mlimani ikaingia.

"Angalau hii," akasema.

Nikamwachia hiyo.