Siku Niliyoigeuza Endarasha Kuwa Mji

Mji ni nini? Swali dogo tu, na mimi niliyekuwa nimetoka chuo kikuu nikihoji kila kitu, hata kama Mungu ana kabila, ndimi niliyeliuliza, na aibu yake bado inaniwasha masikio.

Serikali ilikuwa imeahidi mabati ya bure kwa nyumba za mashambani. Nyumba ya Mama pale Endarasha ilikuwa ya nyasi, na mvua ikinyesha alilala na sufuria ya kukinga matone kitandani (mimi nikija likizo nilipewa karai). Tukaambiwa afisa anakuja kukagua kama kweli sisi ni watu wa mashambani. Sasa, kwetu mgeni hapokewi hivi hivi, na ukungu ukishuka Endarasha, hata saa sita mchana humwoni ng'ombe uliyemshika kamba, kwa hivyo nikaamua afisa wa watu hatatukuta gizani. Nikaazima taa za karabai madukani, tukazitundika kando ya barabara hadi kanisani, akina mama wakapaka kuta chokaa, na mimi (nani alinituma?) nikavaa viatu vya kisigino.

Afisa akaja, kijiji kizima kikakutana, akanywa chai, akasifu. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu. Nikainua mkono.

"Bwana Afisa, serikali inajuaje hapa ni mashambani na pale ni mji? Mji ni nini?"

Akafurahi kuulizwa. "Mji, dada yangu, ni pahali penye taa barabarani."

Shingo zote zikageukia karabai zangu, zikiwaka vizuri kabisa.

"Zima hiyo kitu!" Mama akapiga kelele, akafunika moja kwa kitambaa chake cha kichwa, nacho kikaanza kutoa moshi. Mimi nikakimbia kuleta ushahidi, yaani ng'ombe wetu, nikamvuta hadi mbele ya mkutano, kisigino kikazama matopeni, nikalala kifudifudi miguuni pa serikali.

"Huyu ni wa mashambani!" nikalia nikiwa hapo chini, nikimwonyesha ng'ombe.

"Kumbe hata soko la mifugo mnalo," afisa akasema, akafunga mkoba wake. "Hongereni. Huu ni mji."

Mama Kamau, jirani yetu, akanitazama nikijipangusa. "Ati hii ndiyo digrii? Si ungesomea kushona sweta tu!"

Mama hakunigombeza. Mvua ilipoanza jioni alinisogezea karai, akasema, "Lala, mtu wa mji."

Tangu siku hiyo niliapa: mgeni wa serikali akija kwetu, atakaa jikoni karibu na kuni mbichi, moshi umwingie machoni asione chochote.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kujua mabati yetu yalikoenda. Yaliezeka mtaa wa Majengo, katikati ya mji wa Nyeri, ambako siku ya ukaguzi stima ilikuwa imepotea na barabarani hapakuwa na taa hata moja.