Kitako cha Bunduki ya Mkwe Wangu

Bibi yangu mzaa baba alijivunja jino kwa makusudi. Nasema makusudi kwa sababu nilikuwepo, na nilikuwa mtoto wa kuangalia watu midomo wakila.

Siku zile kila boma lilikuwa na jiwe la kusagia wimbi. Jiwe likisaga sana huwa laini, linateleza, na unga hautoki. Kulikuwa na mama mmoja wa ng'ambo ya mto aliyepita boma kwa boma akiyagonga mawe hayo kwa jiwe jingine jeusi mpaka yawe makali tena. Alipokuja kwetu, mama yangu alimpa kiti, akampa uji, akamchekea. Bibi alikuwa ameketi pale pale akichambua mboga. Na bibi aliijua kazi hiyo kabla mama huyo hajazaliwa. Lakini hakuna aliyemwambia kitu. Ni nani atamwambia mama mkwe ainame agonge jiwe?

Sasa, jiwe likishagongwa, ugali wa kwanza huwa na mchanga kidogo. Hilo linajulikana, unatafuna polepole. Bibi alitafuna kama anavunja mfupa. Tukasikia ka. Akatoa jino mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani mbele ya mama yangu, akaendelea kula. Mama alilia mpaka jioni. Nilicheka, nikachapwa, na hapo hapo nikakumbuka kwamba kesho yake kulikuwa na hesabu shuleni. Shule yenyewe niliiacha darasa la nne. Mwalimu alinitoa nje nikarekebishe mguu wa dawati, nikaona nje kuna raha, sikurudi tena ndani. Useremala wangu ulianza na mguu huo wa dawati.

Nimefanya useremala miaka arobaini na kitu. Vitanda, makabati, milango ya makanisa, majeneza mengi kuliko ninavyotaka kuyakumbuka. La mwisho lilikuwa la mke wangu, na baada ya hapo binti yetu akanileta huku Minnesota nikae naye. Nyumba iko Richfield, karibu sana na uwanja wa ndege, hata ndege ikipita juu kijiko kinalia ndani ya kikombe. Mwanzoni nilikuwa nashika kikombe. Siku hizi nangoja tu ipite ndipo nimalizie sentensi.

Mume wa binti yangu ni muuguzi kama mkewe. Kijana mzuri, mwenye adabu zote za kwetu. Nikiingia sebuleni anasimama. Hajawahi kula mbele yangu na kofia kichwani. Wazungu anaofanya nao kazi huenda kaskazini kila mwezi wa kumi na moja kuwinda kulungu, na mwaka juzi wakamwalika. Mmoja wao akampa bunduki ya marehemu baba yake. Chuma kilikuwa kizima lakini mti wake ulikuwa umevunjika shingoni. Mti huo, ule unaoshika chuma na kuegemea begani, ndio tunaouita kitako. Mkwe akatafuta, akapata kitako kingine cha bunduki ya aina ile ile kwa mzee mmoja aliyekuwa amekitupa miaka mingi katika banda la mashua kando ya ziwa. Chuma alikifungia kabatini kwa kufuli. Kitako akakiweka juu ya meza gerejini.

Nilikiona asubuhi nikienda kutupa takataka. Nikakichukua. Vanishi ilikuwa imebabuka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na uji, na kilikuwa na vishimo kila mahali, lakini chini ya uchafu ule kulikuwa na mti wa jozi, rangi ya kahawa, mistari yake inakwenda kama maji. Na kilikuwa kizito. Nikakinusa. Kilikuwa kimekunywa unyevu wa ziwa miaka yote ile. Nikajua yote yatakayotakiwa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeona njia ya nyumbani. Nikakirudisha, nikaingia ndani nikanawa mikono, nikangoja niambiwe.

Nikangoja siku tano. Nikapitapita gerejini nikifagia pasipo na uchafu. Jumamosi, saa nne asubuhi, akaja mtu na mfuko wa turubai begani.

Nilikuwa namfahamu kwa macho kutoka kanisani. Mkongo, wa upande wa mashariki kule, mkimbizi, miaka kama sitini. Anakaa Frogtown, kule Saint Paul, na hufanya usafi katika jumba lile kubwa la maduka Bloomington. Alikuwa amepanda mabasi mawili kuja kwetu. Kumbe kwao alikuwa fundi, na mkwe wangu alikuwa amesikia akisema hivyo baada ya ibada. Akatoa vifaa vyake kwenye ule mfuko: patasi tatu, jiwe la kunolea, na vigae vya chupa vilivyofungwa kwenye soksi. Nilipoona vigae vya chupa nikaweka ufagio chini. Ni fundi wa kweli peke yake anayebeba vigae vya chupa.

Jioni nikamuuliza binti yangu, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwani katika nyumba hii hakuna seremala. Akaniangalia kama niliyerukwa na akili. Akasema, "Baba, angekutumaje kazi? Wewe ni mkwe wake."

Ni kweli. Mimi mwenyewe nisingethubutu kumwambia baba wa mke wangu anishikie hata msumari. Desturi ni yangu na niliilea mwenyewe ndani ya binti huyo. Lakini wivu ukishaingia hausikii desturi, na wangu ulikuwa umeshavua viatu.

Vuli ile, Jumamosi baada ya Jumamosi, yule mtu alikuja. Nilisogeza kiti changu dirishani, pale gereji inapoonekana. Alikwangua vanishi yote kwa kigae cha chupa, akivuta kuelekea kwake, nyuzi nyembamba zinaanguka kama nywele za mtoto. Palipokuwa na kishimo alitandika kitambaa kibichi akapitisha pasi ya moto, na mti ukavimba ukajaza kishimo wenyewe. Binti yangu alitoka kutazama, akaita jirani naye aje atazame. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mara mia mbele ya huyo binti akiwa mdogo. Hakuwahi kuita jirani.

Kisha ikaja kazi ya kukalisha chuma. Mkwe alikitoa kabatini, kile kiwiliwili tu na mtutu, bila komeo linalosukuma risasi, akasimama nacho pale pale. Fundi akakipaka masizi ya mshumaa, akakilaza kwenye mti, akakiinua. Palipobaki alama nyeusi akapunguza kwa patasi, unga tu, si maganda. Akapaka tena, akalaza tena. Nilihesabu mara thelathini na mbili kisha nikaacha kwa hasira. Mwishowe chuma kiliingia kikakaa, na hata ukiupindua mti juu chini hakidondoki. Mkwe wangu akacheka kama mtoto. Akasema, "Huyu baba ana mkono." Binti yangu akamletea chai na chapati. Chai ilikuwa kwenye kikombe cha bluu. Kikombe cha bluu ni changu.

Katika chai ile fundi akatuambia kwamba mkwe akienda nacho kuwinda, Wazungu wale wataona, na huenda mmoja akampa kazi ya mbao. Alikuwa amechoka na kusukuma ufagio. Aliyasema bila kulalamika, akiwa ananitazama mimi, fundi kwa fundi. Nikamwambia Mungu ni mkubwa, nikatazama ndege iliyokuwa inapita.

Sasa lazima niseme habari ya kigoda changu. Msimu wangu wa kwanza huku, mti wa jirani uliangushwa na upepo, nikaomba gogo. Nikachonga kigoda gerejini, kizuri, cha miguu mitatu, kama vya kwetu. Baridi ilipoingia nikakileta sebuleni, nikakiweka karibu na lile tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto. Hawa watu katika baridi huichemsha nyumba mpaka midomo inapasuka. Wiki haikuisha, kigoda kikapasuka katikati, mpasuko wa kuingia sarafu. Kwetu mti ukikauka unakauka polepole, una mvua ya kuukumbusha. Huku unanyang'anywa maji yote kwa siku tano. Nikakifunga waya, na tangu siku hiyo ndicho ninachokalia. Mgeni akija haoni mpasuko, makalio yangu ndiyo pazia.

Basi nilijua. Mti ule wa ziwani ungepaswa kukaa ndani ya nyumba mwezi mzima kabla ya kuguswa. Halafu, nyuma ya chuma, uache nafasi ndogo, unene wa kadi ya posta, na upake mafuta hata ndani, pale chuma kinapokaa. Yule Mkongo alikuwa ameukalisha ukiwa na maji yake yote, umeshika chuma kama ngumi. Kwao kwenye misitu ile kazi kama hiyo ingedumu miaka mia. Mti ukikauka husinyaa, lakini chuma hakisinyai.

Nilikuwa na Jumamosi nne za kusema. Kila Jumamosi nilijiambia nitasema wakiniuliza.

Ya mwisho wakaniuliza. Baridi ilikuwa imeingia, na mafuta aliyopaka juu ya mti yalikuwa hayakauki gerejini, yananata. Fundi akaja sebuleni amekibeba kitako kwenye mikono miwili kama anayeleta mtoto kubatizwa. Kilikuwa kinang'aa. Mkwe alikuwa nyuma yake, amebeba chuma. Fundi akasema wataviacha pamoja, chuma ndani ya mti, mti usije ukapinda ukikauka, na komeo litabaki kabatini chini ya kufuli. Akatazama tundu la hewa ya moto, akanigeukia nilipokuwa nimekalia kigoda changu.

"Muzee, unaona aje? Nikiweke hapa, mafuta ikauke?"

Nilimtazama usoni. Nikaona ameuliza kwa moyo, kama mtu mdogo anavyomuuliza mkubwa wa kazi. Kungekuwa na dharau hata kidogo ningemwambia, najua ningemwambia.

"Kazi nzuri," nikasema. "Kiweke tu."

Akakalisha chuma ndani ya kitako, akakilaza juu ya kabati fupi karibu na tundu, akakifunika kwa kitambaa safi, akashukuru, akaenda zake.

Jumatano, watu wote wakiwa kazini, nilikuwa nakunywa chai kwenye kikombe cha bluu. Nikasikia ka. Si sauti kubwa. Nilikaa kidogo. Kisha nikaenda nikafunua kitambaa. Mpasuko ulianzia nyuma ya chuma ukashuka shingoni, mwembamba, mrefu wa kidole. Sitadanganya, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyelipiziwa kisasi na Mungu mwenyewe. Nikakifunika vile vile, nikamalizia chai, na kwa mara ya kwanza tangu vuli ianze nikalala usingizi wa mchana.

Jumamosi theluji ilikuwa imeanguka. Ilibaki wiki moja waende kuwinda. Akafika na mabasi yake mawili, viatu vimelowa, ameleta kiraka cha ngozi cha kubandika mwisho wa kitako, mahali pa bega, zawadi tu. Nilikuwa nimekaa, lakini siku hiyo nikasimama kumsalimu. Sijui kwa nini nilisimama. Labda kwa kuwa nilijua nimeshashinda, na aliyeshinda huwa mkarimu.

Mkwe akaondoa kitambaa. Fundi akakiinua kitako, akapitisha ukucha kwenye mpasuko, taratibu, kutoka juu hadi chini. Akatazama tundu la sakafuni, akaweka kiganja juu yake, akahisi moto. Halafu macho yake yakasogea, yakafika kwenye kigoda changu, kimesimama hapo bila mtu, na mpasuko wake, na waya wake.

Akachuchumaa. Akapitisha ukucha ule ule.

"Hii ilipasuka lini, muzee?"

"Mwaka wangu wa kwanza."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Akainuka. "Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza," nikasema.

Mkwe wangu hakuwa ameelewa bado. Alikuwa ameinamia ule mpasuko, ameshika kichwa, na ndipo akageuka akanitazama mimi, akasema maneno niliyoyangoja tangu asubuhi ile ya takataka. "Baba, inaweza kutengenezeka?"

Nilifungua mdomo. Gundi naijua, na pini ya mbao ya kupitisha shingoni naijua, na ningeweza kumaliza kabla ya safari yao. Lakini yule Mkongo alijibu kabla yangu, huku anavaa koti lake.

"Uliza muzee. Yeye anajua."

Kile kiraka cha ngozi akakiweka juu ya kigoda. Binti yangu alitoka jikoni na chai, akamkuta mlangoni, akamwambia hata hujaketi, baba. Fundi akamshukuru. Akavaa viatu vyake vilivyolowa, akashika mfuko wake wa turubai, akaufunga mlango polepole usije ukajibamiza. Nikaenda dirishani. Alishuka ngazi, akapita kando ya gereji bila kuitazama, akafuata njia ya kwenda kituo cha basi.