Tundu Katika Ukuta wa Bibi

Juzi jirani yangu hapa Karatu mjini alikuwa anakandika banda la ndama, na ile harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe ikanikuta nimeshika kikombe cha chai. Nikakiweka chini. Nilikuwa nimerudi Mang'ola, kwenye kitongoji chetu kando ya Ziwa Eyasi, nina miaka tisa, nakohoa.

Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa kongwe kuliko zote pale ziwani. Aliijenga babu yake baba aliposhuka kutoka Mbulu: nusu imechimbwa ndani ya mteremko, paa la udongo liko chini kiasi kwamba mbuzi walipanda kulala juu yake, mlango mmoja, dirisha hakuna. Majirani walipoezeka bati, mkutano wa kitongoji uliamua yetu ibaki vilevile, watoto wajue wazee waliishije. Kila baada ya mvua walikuja kuikandika. Wanawake walibeba maji, wanaume walibadilisha nguzo zilizoliwa na mchwa, makande yalichemka uwanjani, na mpita njia angedhani kuna harusi. Jioni wote walirudi kwenye nyumba zao zenye madirisha. Sisi tuliinama tukaingia.

Tulikuwa watatu: mimi, mama, na bibi mzaa baba. Baba alikuwa ameshafariki. Mle ndani kulikuwa giza hata saa sita mchana, na moshi haukuwa na pa kwenda. Wageni waliletwa, wakapiga picha, wakasifu ubaridi, kisha wakatoka haraka kufuta macho. Mimi nilibaki.

Kiangazi kimoja kikohozi kilinizidi. Bibi alipokwenda kanisani na jirani, mama alichukua mtaimbo akatoboa ukuta wa upande niliolala, tundu la ukubwa wa sinia. Upepo wa ziwa uliingia na harufu ya magadi na vitunguu. Kwa mwanga ule niliona kwa mara ya kwanza kwamba mama alikuwa na mvi. Usiku ule nililala bila kukohoa sana.

Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji alikuja. Hakufoka. Alilitazama tundu, akavua kofia.

“Mama Neema, leo tundu, kesho bati. Kitabaki nini?”

“Watabaki watoto, mzee,” mama alijibu.

Mwenyekiti akasema basi, mkutano wa Jumapili utaamua. Nilijivunia mama mpaka nikashindwa kula.

Lakini asubuhi iliyofuata bibi alipita upande wangu akipapasa ukuta, kama alivyozoea. Mimi nilijua ni uzee tu. Mkono wake ukatumbukia kwenye tundu. Akasimama. Alisimama muda mrefu, akigeuza uso huku na huku, hadi mama alipomshika bega na kumpeleka mlangoni. Mchana uleule, mkutano haujakaa, mama alikanda udongo akaanza kuziba.

Nilikataa kumsaidia. Nilimwambia anamwogopa mwenyekiti.

“Lete ndoo, Neema,” alisema, bila kugeuka.

Nililia mpaka mwanga ulipokwisha. Tangu siku hiyo mama alihamishia jiko nje, akapika juani na kwenye vumbi la magadi, na kikohozi changu kikapungua polepole. Sikumshukuru. Kwa miaka sita nilimhesabu mwoga.

Bibi alipofariki, tulihamia Endabash kabla mwezi haujaisha. Mjomba alikuwa ametutengea shamba na chumba tangu baba alipozikwa. Nilishangaa, nikamuuliza mama kwa nini hatukuja mapema.

“Bibi yako alikuwa haoni tangu unajifunza kutembea,” alisema. “Hakutaka watu wajue. Mle ndani alikuwa mtu mzima. Kwingine kote angekuwa mzigo.”

Majirani bado wanaikandika ile nyumba. Wanasema wao ndio walioitunza. Nami siwabishii, ila sasa nina mkwe wangu mwenyewe, mzee, na ndipo ninapojua kwamba mama angeweza kuondoka siku yoyote aliyotaka. Kila asubuhi alibaki, na mimi, mwanaye, nilikuwa pale namchukia.