Nilivyosababisha nusura mayai ya mama yatupwe kwa sababu mishipa ya damu imepotea

Habari za muda huu wakuu. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Elimu yangu ni la saba na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nikichelewa kujibu jueni bado natafuta herufi. Haya yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa Bugwema, Musoma Vijijini, miaka ile soko huria linaingia. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, ila kazi ndiyo zikaanza kutoweka.

Baba alikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Akapunguzwa kazi. Akarudi na godoro, redio na tochi ya betri mbili.

Tangu siku hiyo neno "kupunguza" lilikuwaga halitamkwi pale kwetu. Hata chumvi ikizidi kwenye mboga, tulikula kimya.

Mwaka huohuo ugonjwa wa kideri ukapita na kuku wetu. Akabaki tetea mmoja, ameatamia mayai kumi na moja.

Mama akaniambia, "Hiyo ndiyo mbegu iliyobaki. Yakiharibika haya, kuku tutakuwa tunawaangalia kwa jirani."

Akanipa mimi kazi ya kuyalinda. Nilikuwa kijana wa aibu nyingi, nisiyesema, na kuku anayeatamia hapendi kelele.

Sasa nikajiongeza. Nikaanika betri za baba juani zipate nguvu, nikajifungia jikoni mchana, nikamulika yai.

Wakuu, ndani kulikuwa na mishipa myekundu imetandaa kama wavu wa dagaa. Hiyo ni siku ya nne. Nikachukua daftari langu la shule na kuchora yai moja moja, mshipa kwa mshipa. Sikuwa na marafiki wengi, muda nilikuwa nao.

Siku ya nane nikamulika tena, daftari mkononi. Mishipa minene ipo, imeongezeka unene. Lakini zile nyuzi nyembamba nilizochora katikati yake, nyingi hazipo. Yai la pili hivyohivyo. Yote kumi na moja.

Ilinichukua nusu siku kupata ujasiri wa kumwambia mama.

"Mama, mayai yanakufa."

"Yanakufaje?"

"Mishipa inapungua."

Baba alikuwa mlangoni. Akachukua kofia yake, akatoka, akaenda kusimama kwenye shamba la mihogo.

Mama akasema, "Kesho asubuhi tunayatupa, yasije yakapasukia kiotani." Usidhani alisema kirahisi. Alisema akiwa amempa kuku mgongo.

Jioni ile akaja shangazi Nyabweke, mdogo wake baba, mwalimu wa baiolojia Musoma mjini. Nilitaka kumweleza, mdomo ukagoma. Nikamwekea daftari mapajani, nikakimbilia nyuma ya nyumba.

Nikasikia anacheka. "We mtoto, njoo hapa. Nani amekufundisha kuchora hivi?"

Nikaja, macho chini. Baba naye akasogea, akijifanya anatafuta kiberiti.

Shangazi akaeleza. Kwamba mwili ukianza kujijenga hautengenezi mishipa ya kutosha tu, unatengeneza ya kuzidi, kama wavu. Damu ikianza kupita, mishipa inayopitisha damu nyingi inanenepa. Ile isiyopata damu ya maana inafungwa, na baadhi ya seli zake zinajiua zenyewe kwa utaratibu. Sio ugonjwa, ndivyo kifaranga anavyojengwa. Hata sisi tumboni tulipitia hayo.

Baba akasahau kiberiti. "Kwa hiyo hata kwenye yai wanapunguza watu."

"Kaka, hizo ni seli."

"Na zote zinakufa?"

"Hapana. Nyingine zinahamia kwenye mishipa ya jirani, zinaendelea na kazi."

Baba akakaa. "Afadhali huko kuna uhamisho."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Ukiacha ile "inapungua" yangu, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza neno lile kutamkwa mbele ya baba, na alilitamka mwenyewe.

Mayai yakapona. Asubuhi shangazi alipoondoka akanionya, "Siku ya kutotolewa usimsaidie kifaranga kubandua ganda. Kuna mishipa yenye damu kwenye ngozi ya ndani ya ganda, subiri mpaka ikauke."

Nikaitikia. Kuitikia nilikuwa najua.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, yai la kwanza likatoboka. Mdomo ukachungulia, ukaacha. Saa nzima. Huruma ikanishinda, nikabandua kipande kimoja tu.

Damu ikatoka, wakuu. Nyekundu, ile ile niliyokuwa naichora. Ndani ya muda mfupi kifaranga kikalala, kikafa. Nililia kimya, kwa sababu hata kulia nilikuwaga naona aibu.

Baba alikuja, akaona, hakunigombeza. Akaleta kigoda, akakaa kati yangu na kiota, fimbo mapajani. Majirani wawili wakaja kutoa ushauri wa kubandua, akawaambia, "Humo ndani kuna mishipa bado iko kazini. Itamaliza yenyewe. Kaeni mbali."

Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Chakula aliletewa hapohapo. Yalipasuka manane. Mawili hayakupasuka, vifaranga vilifia humo ndani. Na lile moja ni langu mimi.

Mama alipokuja kuwahesabu vifaranga, baba hakuinuka. Akamwambia, "Subiri kidogo, huyu wa mwisho hajakauka manyoya." Nilikuwa sijamsikia akisema kwa sauti ile ya mtu aliye kazini tangu arudi kutoka Bunda.

Nilichojifunza: kitu kikifa ndani ya kitu kilicho hai, usikimbilie kutupa chote, uliza kwanza anayejua. Na huruma yenye haraka inaweza kuua kuliko kideri.

Wafugaji wa Bunda, Butiama na kwingineko, nyie mnajuaje kifaranga amekwama kweli na siyo anasubiri mishipa ikauke? Mpaka leo mimi nikiona yai limetoboka natoka nje kabisa. Semeni, nasoma zote, kujibu ndiyo mnivumilie.