Upinde wa Mwanamfalme Ulivyonikwamia Malaba

Niliondoka Namboboto kwa sababu moja: Mama Amoit, mwenye kibanda cha video Malaba, alikuwa amekosana na DJ wake. Sisi ma-DJ tunaotafsiri filamu kwa kipaza sauti hupata habari kama hizo upesi kuliko polisi. Nilipompigia akasema, "Jumamosi kuja na ile ya Wahindi. Watu wakikaa mpaka mwisho, kazi ni yako." Nikakubali. Filamu yenyewe nilikuwa nimeitazama nusu, na Kihindi sijui hata salamu.

Jumamosi saa nne asubuhi, Busia mjini, nilipanda bodaboda ya Barasa, jirani yangu. Akaniuliza hadithi inahusu nini.

"Mwanamfalme, bado kijana," nikamwambia. "Mtawa mzee anafika ikulu, anamwomba mfalme amwachie mtoto akapigane na mashetani msituni. Baba mtu anazimia."

"Hata mimi ningezimia," akasema Barasa.

Tulipopita Adungosi nilikuwa nikifanya mazoezi kwa sauti, na wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo wakainuka kutazama kichaa gani anapita.

Malaba tulikuta foleni ya matrela yanayosubiri kuvuka mpaka imerudi nyuma hadi Amagoro. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Dereva aliyekwama hana la kufanya ila kutazama filamu.

Saa nane kibanda kilijaa, na Barasa akasimama mlangoni. Mwanamfalme nikamfanya Msamia wa Sio Port. Mtawa alipomfundisha maneno ya kuzuia njaa na usingizi njiani, nikasema, "Madereva, hiyo dawa muulizeni Mama Amoit!" Shetani jike wa msituni nikamfanya landlady wa Busia. Kijana aliposita kumpiga mshale kwa kuwa ni mwanamke, nikaeleza kwamba anaogopa kufungiwa nyumba kwa deni la kodi. Watu walicheka hadi mabati yakatikisika.

Isipokuwa mmoja. Mbele kabisa alikaa mzee wa Kihindi, mwenye duka la hardware hapo hapo mjini, mkono mdomoni. Huyo, nikawaza, hadithi yenyewe anaijua.

Tukafika kwenye upinde. Wafalme wameshindwa hata kuusogeza, na atakayeuweza ndiye atakayemwoa binti wa mfalme. Kijana akaushika. Stima ikapotea, TV ikazima.

"Endelea, DJ! Alifanya nini?"

Hapo sikuwahi kufika. "Akapiga mshale," nikasema, "akawamaliza wafalme wote..."

"Hapana," akasema yule mzee, kwa upole. "DJ, hujui."

Mama Amoit alinitazama mikono kifuani. Kazi niliiona ikitoka mlangoni. Nikamwambia mzee asimulie yeye.

Akasimama. Alisema kijana hakuukimbilia upinde. Alimtazama mwalimu wake kwanza, akangoja aambiwe. Alisema binti alikuwa ghorofani akiomba upinde ule mzito uwe mwepesi kwa huyo mmoja tu.

Nje mtu akapaza sauti: "Laini imesonga!"

Foleni ikitembea na dereva akose kusogeza trela lake, wa nyuma humpita, na siku imeharibika. Honi zikaanza. Hakuna aliyeinuka. Mzee naye hakuharakisha: kijana akauinua, akauvuta, ukakatika katikati kwa kishindo kilichowaangusha wafalme. Ndipo madereva wakatoka mbio, mmoja akiacha ndala. Nilimwonea wivu mzee yule, sifichi.

"Mzee, Jumamosi ni zako," akasema Mama Amoit.

"Mama, mimi niko na duka. Patia huyu, mdomo anao. Hiyo ya landlady nimecheka mpaka nikafunika mdomo." Akanigeukia. "Lakini Ijumaa kuja dukani nikuambie yote. Mama yangu alikuwa ananisimulia nikikataa kula, na nilikuwa nakataa kila siku."

Saa kumi na moja tulianza kurudi. Nilikuwa na kazi, lakini sikujisikia mshindi.

Karibu na Alupe, Barasa akageuza shingo. "Sasa huyo kijana ameoa. Halafu?"

Nilifungua mdomo. Majibu matatu ya uongo yalikuwa tayari, na moja lilikuwa tamu kweli. Miaka yote hii nimeamini kwamba DJ akinyamaza, ameisha.

"Sijui," nikamwambia.

Barasa akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. "Basi Ijumaa nitakupeleka bure," akasema. "Na mimi nitaingia dukani nisikie."