Ngozi Aliyoiacha

Mjukuu wangu anafanya kazi hospitali. Juzi alinisimulia kwamba kuna madaktari wanaomlaza mgonjwa, wanamwambia alegeze kiungo kimoja baada ya kingine, afumbe macho, kisha wanasema naye taratibu mpaka akili yake itulie na kusikiliza. Aliyasema hayo kwa mbwembwe, utadhani yameshuka jana kwenye gari moshi. Nikamwambia mimi nililazwa hivyo enzi za Mdachi, tena juu ya ngozi ya ng'ombe, na aliyenilaza hakuwahi kukanyaga hospitali. Akacheka. Akicheka namna ile huwa hasikii tena anachoambiwa, kwa hiyo nimeona niandike.

Nilizaliwa Kondoa, kwenye nyumba ya watu wa biashara. Babu alifika huko na msafara, akaugua miguu, akabaki. Baba aliuza nguo na chumvi. Mimi nilijua kusoma Kurani, kushona kofia na kujibu watu, na hilo la mwisho nililijua kuliko yote. Mume wangu alikuwa Mgogo, mchuuzi wa mifugo, aliyekuwa akifikia kwetu kila alipoleta ng'ombe. Alisilimu, akanioa, akanipeleka kwao upande wa Kizota, nje ya Dodoma. Siku hizo kulikuwa na mashamba ya uwele na vumbi tu, na kutoka tembe moja hadi nyingine ulitembea mpaka kiu ikushike.

Tembe lao lilikuwa refu, la udongo, paa bapa, na ndani giza hata jua likiwa la utosi. Aliyenipokea ni mama mkwe wangu, mjane, mwembamba, asiyecheka ovyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, na Kigogo changu kilikuwa cha kusalimia tu. Tuliamkiana "mbukwa", tukaulizana hali, halafu tukabaki tunatazamana. Mume wangu alipokuwepo alitutafsiria, naye alizoea kulainisha maneno ya kila upande, kwa hiyo kwa muda mrefu nilidhani mama yake ni mpole na yeye alidhani mimi nina adabu.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, askari walizunguka kutafuta wapagazi. Mume wangu alikuwa amekwenda Dodoma kuuza samli, akakamatwa pamoja na wenzake palepale sokoni. Habari ilipotufikia nilikimbia mpaka stesheni na tumbo langu la ujauzito. Nikamwona anapandishwa behewa la mizigo. Naye aliniona. Alilionyesha tumbo langu kwa kidole, akatabasamu ili nami nitabasamu. Sikuweza. Gari likaondoka kuelekea pwani.

Baadaye askari walirudi kuchukua ng'ombe wa kulisha jeshi. Walituachia mmoja aliyekonda, na ndama wake, nadhani kwa sababu waliona hafiki popote. Tukawa wanawake wawili na ng'ombe mmoja. Nilimzaa mtoto wa kike katika giza la tembe lile, na mama mkwe ndiye aliyempokea. Sikuwa na mama yangu, wala dada, wala mtu wa kunisomea dua. Nilimwadhinia mtoto mwenyewe, kwa sauti ndogo, nikijua si kazi yangu. Nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kusema na vyungu.

Mwanzoni maziwa yalitoka vizuri. Kisha siku moja kisimani wanawake walikuwa wakizungumza juu ya wapagazi, kwamba wanaharisha njiani na wanaachwa wanapoangukia. Maneno machache niliyaelewa, na mengine niliyaona kwenye mikono yao. Nilirudi nyumbani kifua kimenibana. Jioni ile mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena. Hakukuwa na kitu.

Mama mkwe alinipikia uji wa uwele na karanga. Alinichemshia mizizi michungu nikainywa. Jirani alimnyonyesha mwanangu mara chache, lakini naye alikuwa na wake, na njaa ilikuwa yetu sote. Maziwa ya ng'ombe mtoto aliyatapika. Alianza kuwa na uso wa kizee. Kilio chake kilipungua, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana mtoto mwenye nguvu hudai. Kila nilipomweka kifuani roho ilikuwa juu, nikisubiri yatoke, na kadiri nilivyosubiri ndivyo nilivyokauka. Nilijua kabisa kwamba mtoto yule atakufa mikononi mwangu na hakuna mtu nitakayeweza kumweleza kwa lugha yangu.

Siku moja, alasiri, mama mkwe alirudi kutoka kisimani. Hakuingia ndani. Aliketi nje amegeukia ukuta, kibuyu cha maji bado kichwani, akakaa hivyo kwa muda. Nilimwita, hakugeuka. Nikakasirika, nikasema kwa Kiswahili changu cha Kondoa kwamba kama amechoka na sisi aseme. Ndipo alipoinuka, akatua maji, akaingia, akaishusha kutoka darini ngozi aliyokuwa akilalia mume wangu. Tangu aondoke hakuna aliyeigusa. Akaitandaza karibu na tundu la moshi na kuniambia, "Lala, mwanangu."

Nililala. Ngozi ilinuka samli, moshi na jasho lake. Nilitaka kulia ila macho yalikuwa makavu kama kifua. Mama mkwe alimlaza mtoto ubavuni pangu, akachukua kibuyu cha kusukia maziwa, kikiwa na maziwa kidogo sana, akaanza kukisukasuka taratibu juu ya magoti. Mwanga ulishuka kutoka tundu la moshi ukiwa na vumbi ndani yake.

"Tazama ule mwanga," alisema. "Usitazame mtoto. Mtoto yuko."

Nilitazama mpaka kope zikawa nzito. Akaniambia nilegeze paji la uso. Nikajibu halijakaza. Akangoja. Nikagundua limekaza tangu siku ya stesheni. Kisha akataja taya, mabega, tumbo, vidole vya miguu, kimoja kimoja, kwa Kiswahili chake cha maneno machache, na katikati ya maneno alikuwa akivuma wimbo usio na maneno. Kibuyu kilikuwa kikienda na kurudi. Sikugundua ni lini pumzi yangu ilianza kwenda nacho.

"Mume wako anakuja," alisema. "Ametoka Kilosa. Anatembea. Jua si kali. Amefika Gulwe, amekunywa maji. Anatembea. Amefika Kikombo. Sasa anaona milima ya kwetu. Sasa zizi. Sasa ameinama, mlango ni mfupi. Ameingia. Ananuka jasho. Amekaa hapo, anamtazama mtoto."

Na mimi nilimwona. Naapa nilimwona, na vumbi kwenye kope zake. Kitu kikafunguka mgongoni, kikateremka, na maziwa yakatoka yenyewe kabla mtoto hajashika. Yalilowesha ngozi. Mama mkwe alimsogeza mtoto bila kuacha kuvuma, na nilimsikia mtoto akimeza.

Tangu hapo ikawa desturi yetu kila alasiri. Siku nyingine sikuhitaji kufika Kikombo, maziwa yalikuja tukiwa bado Gulwe. Mtoto alianza kudai tena kwa kelele, mashavu yakarudi. Kifua changu kiliacha kubana, nikaanza kulala, nikaanza hata kutia maneno yangu ya mzaha ambayo hayakuwa na wa kuyaelewa. Na zaidi ya yote nikaanza kungoja kwelikweli. Sikuuliza ameyajuaje. Kwao walikuwepo watu wanaoota mambo yakawa, nami nilikata shauri kwamba huyu ni mmoja wao. Nilifagia uwanja kila asubuhi, nikajipaka mafuta, nikasuka nywele peke yangu bila kioo. Mama mkwe aliniona nikifanya hivyo akageuza uso upande wa zizi.

Halafu ndama akafa. Asubuhi tulimkuta amelala zizini, ng'ombe anamlamba. Kufikia jioni ng'ombe alikuwa amegoma. Mama mkwe alipomkamua alipiga teke, akabana maziwa yake, hakutoa hata tone. Sikushangaa sana. Nilimwambia yule ng'ombe kwamba nayajua hayo.

Mama mkwe alimchuna ndama. Akaijaza ngozi nyasi kavu, akaishona kwa ukambaa, akaipaka chumvi mgongoni, akaisimamisha mbele ya ng'ombe kwa vijiti. Mimi mtoto wa mjini sikuwahi kuona kitu cha namna ile, nikasogea kutazama. Ng'ombe alinusa. Akarudi nyuma. Akanusa tena, akaanza kulamba chumvi. Mama mkwe alichuchumaa ubavuni pake, akaanza kuvuma, na wimbo ulikuwa uleule. Alisema naye kwa sauti ileile, safari hii kwa Kigogo, polepole, akimpapasa kiwele. Ng'ombe akashusha kichwa. Maziwa yakagonga kibuyu.

Hasira ilinipanda. Kumbe nilifanywa ng'ombe! Mimi, binti wa Kondoa, niliyesoma msahafu nikahitimu, nililazwa mbele ya ngozi na kuimbiwa nitoe maziwa. Nilitaka kusema jambo kali, nikatafuta maneno atakayoyaelewa, na yaliyokuja yalikuwa ya kipuuzi tu.

"Mbona siku zote hukumwekea ngozi?" nikamuuliza. "Ndama alipokwenda malishoni ng'ombe alikuwa akilia. Mbona hukumwekea?"

Alijibu bila kugeuka, mikono yake kazini, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Ndama mzima anarudi mwenyewe jioni. Ngozi ni ya aliyekufa."

Mikono ikasimama. Maziwa yakakatika. Alibaki amechuchumaa, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na mimi nimesimama nyuma yake na mtoto wangu mgongoni. Nikaikumbuka ile alasiri alivyokaa amegeukia ukuta na kibuyu kichwani. Mtu alikuwa amepita kisimani siku ile, mpagazi mmoja aliyerudi na habari za mume wangu. Aliliweka neno hilo tumboni peke yake, mama wa mtoto mmoja tu, na kila alasiri akamtembeza mwanawe kutoka Kilosa mpaka mlangoni na kumwingiza ndani, ili mtoto wangu anyonye. Nami nilikuwa nikisuka nywele.

Niliingia ndani. Sikulia. Nilijiuliza habari ya eda, kama imeanza, au ilikwisha siku ile niliyojifungua, nami nikijipaka mafuta. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mtoto alianza kuhangaika mgongoni. Nikamshusha, nikamweka kifuani, akavuta, akaacha, akanitazama. Kifua kilikuwa kimebana vilevile kama siku ya kisimani. Akalia.

Nikaishusha ngozi mwenyewe. Nikaitandaza mahali pake, nikalala, nikatazama tundu la moshi ingawa mwanga ulikuwa karibu kwisha. Mama mkwe alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaja, akakaa, akachukua kibuyu juu ya magoti. Kibuyu kikaenda upogo. Paji la uso, alisema. Nikalegeza. Taya. Mabega.

"Mume wako," alianza. Akajaribu tena, "Mume wako ametoka..." akashindwa, na kibuyu kikanyamaza. Mtoto alikuwa akilia ubavuni pangu. Sikufumbua macho. Nilinyoosha mkono nikashika goti lake, goti kavu lenye vumbi la zizini, na kulisukuma taratibu, likaenda na kurudi, mpaka kibuyu kikaanza kwenda tena.

"Endelea, mama," nikamwambia. "Amefika Gulwe. Mpe maji."