Makofi ya mama yangu mu film

Ba mama, leo nilipigia film magoti. Musicheke kwanza.

Mutoto yangu Odette alitengeneza film fupi juu ya udongo ya kwetu, kule njia ya Kasomeno. Leo balionyesha mu sale ya paroisse, pa kanisa. Asubui aliniambia: "Maman, usinipatishe haya, eh? Barafiki yangu bote batakuya."

Nikasema sawa.

Film inaanza. Naona mama yangu, kambo yake Odette, mu shamba. Anainama, anapiga makofi polepole, vile tunasalimiaka kwetu, na mwenye kusalimiwa anaitika na makofi. Anangoja.

Hakuna mwenye kuitika!

Mama yangu, kumuacha vile? Mara niko chini na magoti, napiga makofi, naitika kwa nguvu. Sale yote inacheka. Mutu mumoja anapaza sauti: "Mama, ile ni film!" Odette anafunika uso.

Ku nyumba ndio Odette anauliza: "Maman, kambo alikuwa anangoja mimi?"

Ndiyo. Juu ni yeye alikuwa anashika camera, na mimi sikumufundishaka kuitika.

Kuchekewa, nitasahau. Lakini mama yangu aliinama pale, mujukuu yake akamuangalia tu.

Ba mama, batoto yenu banaitikaka?